Tumbo na Akili: Historia ya Maneno ya Dhiki katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Miongoni mwa kazi zinazomfikia mfasiri wa serikalini siku hizi ni vijitabu na hojaji za afya ya akili. Baadhi yake zinaeleza jambo ambalo vitabu vya shule tulivyosomea havikuligusa kabisa: kwamba dhiki ya muda mrefu huyadhuru matumbo, kwamba bakteria wanaoishi humo hubadilika kwa sababu ya dhiki hiyo, na kwamba mabadiliko hayo yaweza kupanda na kuigusa akili. Mfasiri huyo hakosi maneno ya kitaalamu, kwa kuwa mengine yamekwisha kuundwa na mengine aweza kuyatohoa. Taabu yake ni kwamba Kiswahili kina maneno mengi ya kale juu ya jambo hilo hilo, na maneno hayo hayakai mahali ambapo istilahi zetu zimeliweka. Istilahi zimeiweka dhiki kichwani. Msemaji wa Kilwa au Lindi huiweka tumboni.

Tofauti hiyo si ya mapambo ya lugha. Mama anayefika zahanati na kusema kuwa tumbo lina joto, moyo wachafuka na usingizi haupatikani, aweza kurudi nyumbani na dawa ya minyoo. Karatasi ya hojaji iliyo mezani haikumwuliza juu ya tumbo. Ilimwuliza kama ana msongo wa mawazo, naye akajibu hana. Katika makala haya tunakusudia kufuatilia jinsi maneno hayo yalivyopata kuachana, na kuona ni lipi linaloweza kufanywa na sisi tunaohusika na kazi ya istilahi.

Tuanze na maneno yenyewe. Mtu wa pwani akihisi kutapika husema moyo unamchafuka. Moyo huo si ule unaosukuma damu. Ni mahali pasipo mpaka kati ya kifua na tumbo, ambapo chakula na huzuni hukaa pamoja. Mambo yaliyokuwa mazuri yakiharibika, yametumbukia nyongo. Aliyeumizwa kwa maneno amekatwa maini. Uchungu ni ladha ya shubiri, ni maumivu ya mwanamke anayejifungua, na ni hali ya aliyefiwa, wala msemaji haoni kwamba anataja mambo matatu. Usidhani kwamba haya ni mabaki ya wazee tu. Magazeti ya Dar es Salaam, uchaguzi unapokaribia au mkaguzi wa hesabu anapotajwa, huandika kuwa wakubwa fulani wako matumbo joto, na kila msomaji hufahamu papo hapo ni hali gani inayosemwa.

Maneno yanayotaja akili yenyewe yalikuja kwa njia nyingine. Akili ni neno la Kiarabu, na mzizi wake huko una maana ya kufunga, kama ngamia afungwavyo mguu asipotee. Wasiwasi pia ni la Kiarabu, nalo ni mnong'ono, hasa ule wa shetani. Wazimu ni letu, nalo limetoka katika shina lile lile la mzimu na kuzimu. Kwa hiyo mwenye wazimu hakuwa mtu aliyeharibika kichwa bali mtu aliyejiwa. Katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichoandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, na kuchapishwa na Carl Velten mwaka 1903, habari za maradhi na habari za pepo haziko mbalimbali. Basi tulikuwa na nchi tatu: ya tumbo, ambayo ilikuwa ya kila mtu na ya kila siku, ya pepo, iliyohitaji mganga, na ya akili, ambayo aghalabu ilitajwa kwa maana ya busara, si kwa maana ya kiungo kinachougua.

Neno linalofundisha mengi kuliko yote haya ni safura. Kwa Kiarabu ni nyongo ya manjano. Tiba ya Kiyunani, ambayo matabibu wa Kiislamu waliipokea na kuikuza, ilifundisha kwamba mwili una vimiminika vinne, yaani damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba afya ni kulingana kwa hivyo vinne. Nyongo nyeusi ikizidi, mtu hushikwa na huzuni isiyo na sababu. Neno la Kigiriki melankolia halina maana nyingine ila nyongo nyeusi. Elimu hiyo ilivuka bahari pamoja na majahazi. Kiswahili kikatwaa balghamu kwa makohozi. Kikatwaa na safura, lakini hakikuiacha katika nyongo. Kilimpa jina hilo mgonjwa aliyepauka, aliyevimba uso na miguu, anayehema akipanda kilima kidogo, asiye na hamu ya kazi wala ya mazungumzo, na wakati mwingine hula udongo.

Leo tunajua kwamba safura husababishwa na minyoo midogo inayoshika ukuta wa utumbo mwembamba na kunyonya damu. Huko Marekani, mwaka 1902, Charles Stiles alipotangaza kuenea kwa minyoo hiyo katika majimbo ya kusini, magazeti yaliipa jina la kijidudu cha uvivu. Hapa kwetu watawala wa kikoloni hawakungoja darubini. Uvivu wa watu wa pwani ulikuwa wimbo wao wa kawaida. Lugha ya wenyeji ilikuwa imewapita wote wawili. Haikusema kwamba mtu mvivu ana ugonjwa, wala kwamba mgonjwa ni mvivu. Ilikusanya dalili za mwili na za nafsi ikazifunga katika neno moja, na neno lenyewe likaelekeza tumboni. Lakini tusizidishe sifa. Asiyejua kwamba minyoo hiyo huingia kwa kupenya ngozi ya mguu usiovaa kiatu hakuweza kujikinga nayo, hata neno lake liwe zuri kiasi gani.

Kama tumbo ndilo lililobeba dhiki katika usemi, yafaa kuuliza ni dhiki gani iliyobebwa. Hapo hatuna budi kuingia katika habari za nchi yenyewe. Kilwa hujulikana kwa fahari yake: Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331 na kuisifu, Wareno waliiteka mwaka 1505, magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Lakini karne ya kumi na tisa ni ya Kilwa Kivinje, na mji huo ulitajirika kwa watu waliouzwa. Misafara ilishuka kutoka pande za Ziwa Nyasa, na katika miaka ya 1860 sehemu kubwa ya watumwa walioingizwa Unguja ilipakiwa hapo. Mkataba wa mwaka 1873 ulifunga njia ya bahari. Mwaka 1876 Sultani Barghash akapiga marufuku misafara ya bara. Na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922. Kwa hiyo watu waliozaliwa wakiogopa kuchukuliwa walikuwa wangali hai wakati babu zetu wengi walipokuwa watoto.

Kisha ikaja pamba ya lazima. Mwezi Julai mwaka 1905, katika milima ya Umatumbi, watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba katika shamba la serikali, na vita ya Maji Maji ikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyetoa ile dawa ya maji, alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti. Moto uliruka hadi Liwale, Lindi, Songea na mbali zaidi. Serikali ya Kijerumani ilipoona haiwezi kuwamaliza wapiganaji porini, ilichoma vijiji na kuharibu vyakula vilivyokuwa mashambani na ghalani. Maofisa wake waliandika waziwazi kwamba njaa ndiyo itakayowatiisha watu. Gilbert Gwassa, aliyezikusanya habari za vita hiyo kwa wazee wenyewe, alikadiria kwamba watu kati ya 250,000 na 300,000 walikufa, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Waliobaki walichimba mizizi ya porini. Ming'oko, ambayo hata leo huchemshwa na kuliwa kwa raha huko Lindi na Mtwara, imewahi kuwa mpaka kati ya uhai na kifo.

Hawa ndio watu waliosema tumbo. Kwao njaa na hofu zilifika kwa mlango mmoja, na mtu mwenye njaa hana haja ya kuelezwa kwamba tumbo na moyo vina uhusiano. Serikali iliyowatawala, kwa upande wake, iligawa magonjwa katika majengo. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamisionari wa Kijerumani waligeuza makao ya watu waliokombolewa utumwani kuwa hospitali ya wenye wazimu mwaka 1904. Waingereza wakajenga Mirembe, Dodoma, katika miaka ya 1920. Majengo yote mawili yako mbali sana na Kilwa. Aliyepelekwa huko ni yule aliyevua nguo sokoni au kumtisha jirani. Aliyekaa kimya, akakonda, akashindwa kula na kulala, alibaki nyumbani, au alikwenda zahanati na kutibiwa tumbo. Naamini hapo ndipo maneno yalipoachana, na sisi tumerithi mwachano huo. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 iliiondoa sheria ya kikoloni, na kwa jina lake imelipa nguvu neno afya mahali pa neno wazimu. Ni hatua kubwa. Hata hivyo, kwa sikio la mkulima wa mihogo wa Somanga, afya ya akili bado ni habari ya vichaa.

Sasa tuone elimu ya kisasa inasema nini, maana mfasiri asiyeelewa jambo hawezi kulitafutia neno. Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal, alitangaza kwamba panya walioteswa kwa namna yoyote, ama kwa baridi, ama kwa sumu, ama kwa kuchoshwa, walipatwa na mambo matatu yale yale: tezi zilizo juu ya figo zilivimba, tezi ya thaimasi ilisinyaa, na tumbo lao lilifanya vidonda. Yaani katika siku ya kwanza kabisa ya elimu hii tumbo lilikuwemo. Baadaye alitafuta jina, akaazima neno ambalo wahandisi wa Kiingereza hulitumia kwa nguvu inayokandamiza chuma, na mwishowe alikiri kwamba alikosea, kwa kuwa wahandisi wana neno jingine kwa hali ya chuma kilichokandamizwa, na hilo ndilo lililomfaa. Lilikuwa limekwisha kusambaa. Wafaransa na Wajerumani walilichukua kama lilivyo.

Dhiki inapodumu, homoni ya kortisoli hudumu katika damu, mwendo wa utumbo hubadilika, na ukuta wake hulegea. Bakteria wanaokaa humo, ambao ni mabilioni kwa mabilioni, huathirika pia. Mwaka 2004 Nobuyuki Sudo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walionyesha upande wa pili wa jambo hili. Panya waliolelewa pasipo bakteria yeyote, walipobanwa wasiweze kusogea, walitoa homoni za dhiki kwa wingi kuliko panya wa kawaida. Na walipopewa aina moja ya bakteria wangali wadogo, hali hiyo ilitulia. Njia zinazotajwa ni neva ya vagusi inayounganisha utumbo na ubongo, kinga ya mwili, na kemikali zinazotengenezwa na bakteria. Serotonini nayo, kwa kiasi cha asilimia 90, hutengenezwa utumboni, ingawa hiyo haivuki kuingia ubongoni, na mfasiri ajihadhari na vijitabu vinavyosahau kusema hivyo.

Kwa binadamu ushahidi ni hafifu zaidi. Uchunguzi uliochapishwa Ubelgiji mwaka 2019, uliohusisha watu zaidi ya 1,000, ulikuta kwamba baadhi ya jamii za bakteria ni haba kwa wenye sonona. Lakini kukuta mambo mawili pamoja si kujua lipi limezaa lipi. Mtu mwenye sonona hula vingine, hulala vingine, na pengine hunywa dawa. Nchi yetu imo katika elimu hii kwa mlango wa Wahadza wa Ziwa Eyasi. Mwaka 2014 watafiti waliwalinganisha Wahadza 27 na Waitalia 16 wa Bologna, wakaona kwamba Wahadza wana aina nyingi zaidi za bakteria. Na mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba bakteria hao hubadilika kwa majira, masika na kiangazi. Hayo ni ya chakula, si ya huzuni. Kwa hiyo tunawaonya wenzetu wanaopenda kuandika kwamba wazee wetu waliyajua haya yote. Usemi wa tumbo joto si ugunduzi wa bakteria. Ni ushuhuda wa mtu juu ya mwili wake, na thamani yake ni hiyo, wala si ndogo.

Turudi mezani kwetu. Msongo wa mawazo ni istilahi iliyoshika. Kusonga ni kubana, kukaza, kusonga ugali mpaka ushikane, na picha hiyo ni nzuri. Ila msongo ni pia neno la mafundi umeme, na mtu wa Lindi anayesikia kila mara habari za njia ya msongo wa kilovolti kadhaa ana haki ya kuduwaa. Ubaya mkubwa zaidi ni hayo mawazo yaliyofungwa nalo. Selye hakuwachunguza panya mawazo yao. Panapozungumzwa mwili, tunapendekeza dhiki sugu, kwa kuwa sugu tayari hutumika kwa maradhi yasiyokoma. Msongo wa mawazo ubaki kwa hali ya fikra. Mkazo waachiwe wanaisimu. Vijana nao husema stresi, na hatuoni sababu ya kuwakemea, kwa kuwa wamefanya walilofanya Wafaransa.

Sonona twaipenda. Ni kitenzi cha zamani kilichopewa kazi mpya ya nomino, na ndani yake mna maumivu ya polepole. Unyogovu, unaotumiwa na majirani zetu wa Kenya, una sifa zake, lakini pwani ya kusini hauna mizizi.

Vijidudu ndilo neno gumu. Tangu kampeni za kwanza za usafi, kijidudu ni adui wa kuuawa, na umbo la neno lenyewe ni la dharau. Mwalimu atakayewaambia watoto kwamba matumboni mwao mna vijidudu vinavyowatunza atachekwa. Tutumie bakteria, katika ngeli ya viumbe hai, bakteria huyu, bakteria hawa. Na jumla yao tuiite jamii ya bakteria wa utumboni. Kwa wale wanaochachusha chakula tunayo chachu na uchachu, maneno ambayo mgema wa tembo la mnazi na mpishi wa togwa hawahitaji kufafanuliwa. Uchunguzi uliofanywa hapa nchini katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba togwa iliyochachuka hupunguza vijidudu vya kuhara kwa watoto, na hapo, mwaona, vijidudu limekaa mahali pake.

Kuna mitego miwili midogo. Utumbo katika lugha ya mitaani ni maneno ya upuuzi. Basi kichwa cha kijitabu kisiwe utumbo na akili yako, bali matumbo au tumbo. Na mfasiri asiandike mchango wa tumbo katika afya ya akili. Alikusudia kuonyesha sehemu inayofanywa na tumbo. Msomaji wa Kivinje atadhani habari ni za mchango, yaani minyoo na misokoto ya tumbo, naye atauliza ni majani gani ya kuchemsha.

Imebaki hojaji. Baadhi ya zile zilizotafsiriwa kwa Kiswahili huanza na huzuni na kukata tamaa, kisha huuliza juu ya chakula na usingizi. Mpangilio wa maswali hauwezi kugeuzwa na mfasiri kwa hiari yake, maana vipimo hivyo vimefanyiwa majaribio jinsi vilivyo. Lakini maelezo ya awali, yale anayosoma mwuguzi kabla ya kuuliza, ni mali ya mfasiri, na humo aweza kuyaweka maneno ya mgonjwa: moyo kuchafuka, tumbo joto, maini kukatika. Nalo swali la chakula lisifasiriwe kwa kutaja njaa, kama tulivyoona likifanywa. Liulize hamu. Kwa Kiarabu hamu ni majonzi na fikira nzito. Katika ushairi wetu wa kale lilikuwa na maana hiyo hiyo. Na leo ni shauku, ya mpenzi au ya sahani ya wali. Anayeulizwa kama amekosa hamu ataamua mwenyewe ajibu la tumboni au la moyoni, na mwuguzi ayaandike yote mawili.